Waziri Asiyekula Mpaka Aambiwe

Mzee Kiplangat alipopiga simu dukani kwa Abdinasir, mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule. Abdinasir alinipa mkonga wa simu huku amenikodolea macho, maana nusu ya mji wa Bungoma ilijua kwamba huyo mzee wa Kitale ndiye aliyeishika ndoa yangu mkononi. Nilipangusa viganja kwenye suruali kana kwamba angeniona.

"Khaemba," akasema, "naenda Nairopi kutolewa mtoto wa jicho. Nakuletea mpwa wangu akae kwako mpaka nirudi. Akirudi mzima, ndipo tutaongea mampo ya Cheptoo."

"Hakuna shida, mzee."

"Hali mpaka umwampie ale. Akijilia ovyo tumpo linavimpa. Na hapendi paridi."

Nilirudisha simu nikihisi kama nimeshaoa. Mtu hawezi kukuachia mpwa wake kama hakutaki. Nikakimbia nyumbani kumweleza mama kwamba tunaletewa kijana kutoka Kitale, mwenye adabu, tumbo lake bovu kidogo, haya nyingi, hali mpaka akaribishwe. Mama alisema watoto wa namna hiyo wameisha siku hizi. Alitandika kitanda kwa shuka ya maua, akamchinja jogoo aliyekuwa akimtunzia Krismasi.

Lazima niseme kwa nini niliihitaji neema hiyo. Cheptoo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hapa mjini, na tulikuwa tumekubaliana sisi wawili, lakini babake alikuwa amenikataa. Nilipokwenda kwao Kitale mara ya kwanza nilivaa koti nililojishonea mwenyewe, nikasimama mbele yake nikasema, "Mzee, nampenda binti yako, na nitamrinda." Wafanyakazi wa shamba walioegemea trekta wakaanza kucheka kabla yake.

"Utamrinda?" mzee akauliza. "Nikupe pinti yangu, halafu wajukuu wangu waniulize asupuhi, 'Papu, umerara aje?' Hapana."

Tangu nifike pale mzee alikuwa hajatamka herufi B hata moja. Anayeomba mke hasahihishi mtu. Lakini iliniuma, na nikisema haikuniuma nitakuwa mwongo. Ulimi niliopewa na mama yangu ndio nilionao, na sijawahi kuuona ukiuzwa dukani nikabadilishe.

Basi pikapu ya mzee ikafika. Dereva akafungua mlango wa nyuma, na aliyeshuka ni mbwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mbavu nje nje, kiuno kama cha nyigu, mapaja hayana manyoya, na macho ya mtu aliyekosewa sana na ndugu zake.

"Huyu ndiye Waziri," dereva akasema. "Ni mbwa wa mbio. Mzungu jirani yetu alimwachia mzee alipohama."

"Na mpwa?"

"Mpwa gani?"

Hapo nikaikumbuka ile herufi B ya mzee, nikatamani ardhi inimeze. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Khaemba," akaniambia polepole, "nimechinja jogoo kwa ajiri ya mbwa?"

Huo ndio ulikuwa mwanzo wetu na Waziri. Siku hiyo hiyo alichagua kochi lenye vitambaa alivyofuma mama, akalala chali, miguu minne hewani. Kukaa kitako kama mbwa wa watu hakuweza; alijaribu, matako yakakwama hewani, akakata tamaa. Alilala macho wazi. Wiki ile ya kwanza alikufa mara kadhaa, na kila mara mama alipiga ukemi majirani wakaja, na Waziri akaamka akatushangaa. Mbwa wa mbio, dereva alisema. Mbio zenyewe tuliziona siku moja tu, alipoona bata wa Abdinasir. Kabla sijamaliza kuita jina lake alikuwa ameshavuka soko, yuko karibu na stesheni ya reli. Alirudi akichechemea, paja limechanwa na waya, kwa kuwa ngozi yake ni nyepesi kama karatasi ya kufungia mkate. Mimi ni fundi. Nilijizuia sana nisichukue sindano yangu. Daktari wa mifugo alimshona, na kwa kweli mshono wake ulikuwa umepinda.

Baridi nayo alikuwa haiwezi. Nilimshonea koti kwa mabaki ya sweta za kijani za shule, na tulipotoka naye asubuhi watoto waliniuliza yuko darasa la ngapi.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichoninyima raha ni kwamba Waziri alikataa kula. Siku ya kwanza mama aliweka ugali na nyama ya jogoo kwenye sahani ya bati, akasimama kando, akafanya kama tulivyoagizwa.

"Kura," akasema.

Waziri akamtazama.

"Kura, baba. Usione haya."

Nikajaribu mimi. "Kura, Waziri. Hapa ni kwenu."

Aliangalia nyama, akaniangalia, mate yakamdondoka mpaka yakalowesha sakafu, na hakugusa kitu. Tulimbembeleza asubuhi na jioni. Maziwa alikunywa, maana mama alipomwekea alisema "kunywa", na neno hilo halina mtego ndani yake. Lakini chakula kilikaa mpaka nzi wakakiona.

Na yeye tangu alipofika alikuwa mwembamba. Majirani walianza kuja kumwona wakiwa wameshusha sauti, vile watu walivyoshusha sauti miaka ile ya ukimwi wakiona mtu amekonda. Abdinasir alisema labda mbwa amefunga. Shangazi yangu wa Bumula alileta mizizi ya kuchemsha. Mama mmoja wa kanisa alimwombea kwa muda mrefu, na Waziri akaisikiliza sala yote bila kupepesa macho, kwa kuwa alikuwa amelala. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akasikitikia meno, akasema aina hii ya mbwa huwa nyembamba hivyo hivyo, hana ugonjwa. Hakuna aliyemwamini. Mjini habari ikaenea kwamba Khaemba anamnyima Waziri chakula, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, 2002, watu wengine walinipongeza. Walisema waziri mwingine yeyote hangoji kuambiwa ale.

Mimi sikucheka. Kila nilipopitisha mkono kwenye mbavu zile niliona Cheptoo akienda mbali. Alikuwa Kitale, shule zimefungwa, akinisubiri nimrudishe mbwa mzima. Niliogopa hata kumpigia simu.

Ndipo kampeni zikafika mtaani kwetu. Absalom Masika, aliyekuwa akitafuta udiwani, alisimamisha pikapu yake yenye spika mbele ya nyumba yetu. Nyuma ya gari kulikuwa na sufuria kubwa ya pilau ya kuwavutia watu. Sasa, mtu wetu akishika kipaza sauti huogopa kuchekwa. Ili aonekane msomi, kila R anayokutana nayo anaifanya L.

"Ndugu zangu!" Absalom akanguruma. "Sitaki kitu kingine kwenu! Naomba kula! Nipeni kula! Kula! Kula!"

Waziri alikuwa kwenye kochi, maiti kama kawaida. Aliposikia hivyo alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye sahani ya asubuhi, akameza ugali na nyama yake, akalamba bati mpaka likasogea ukutani. Absalom akasema tena, "Kula!" Waziri akatafuta pengine, akatoka mlangoni, akaruka juu ya pikapu na kuingiza kichwa kwenye pilau. Nilimfikia akiwa ameshafika nusu ya sufuria. Umati ulipiga makofi. Absalom, mtu mwepesi wa akili, akasema hata wanyama wamemkubali. Siku ya uchaguzi kura hazikumfikia. Watu walikuwa wamekula.

Nilisimama barabarani nimeshika mbwa kwa koti lake la shule, na nikahisi ulimi wangu mdomoni kama kitu nilichoazimwa. Kumbe alikuwa akingoja L. Tulimnyima chakula bila kujua, tukiwa tumemsimamia na sahani.

Nilianza mazoezi. Nikiwa kwenye cherehani nilisema "kula, kula, kula" mpaka wateja wakafikiri nina njaa. Nilimlisha mwenyewe siku kadhaa na akala. Tatizo lilikuwa mama.

"Nimerea watoto saba kwa kura hii," akasema. "Wote wamenenepa. Sitafundishwa kuongea na mbwa."

Kisha ikaingia ile wiki ambayo kila mzazi anakumbuka kwamba shule zinafunguliwa Januari, nikazama kwenye sare, na kazi ya kulisha ikamwangukia mama. Nilirudi jioni nikakuta sahani nyeupe, mbwa ameshiba, manyoya yanang'aa. Alikuwa na afya kiasi kwamba akijamba sebuleni wageni walikumbuka shughuli zao. Nikadhani mama amekubali kushindwa na kujifunza L kwa siri. Namjua vizuri mama yangu, na sijui ni nini kilinifanya nidhani hivyo.

Mzee aliporudi Kitale nilimpeleka Waziri. Mzee Kiplangat alikuwa amekaa uani na jicho lake jipya, mkewe mama Chelagat kando yake, Cheptoo amesimama nyuma yao, na wafanyakazi walewale kwenye trekta lilelile. Alimkagua mbwa kama anayenunua ng'ombe. Akashika mbavu, akafungua mdomo, akafika pajani.

"Hii nini?"

"Aliona bata, mzee."

"Ah. Pata." Akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kulipa bata wengi. "Haya. Mpe chakula nione."

Cheptoo akaniletea bakuli. Tulitazamana kidogo, na niliona ananiombea. Nikaliweka bakuli chini, nikaukusanya ulimi, nikautua nyuma ya meno nilipoufundisha.

"Kula," nikasema. Ilitoka safi kama ya mtangazaji wa redio. Cheptoo akatabasamu.

Waziri akanitazama.

"Kula, Waziri."

Mate yakaanza kudondoka. Hakusogea. Mzee akainuka, akasema mwenyewe, kwa sauti iliyomlea mbwa yule, "Kula!" Waziri akageuka akamtazama na yeye, kwa huzuni ileile, kisha akaangalia kando kama mtu aliyesikia ahadi.

"Umemfanya nini mpwa wangu?" mzee akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimwona Cheptoo ameshika mdomo. Nilipiga magoti mbele ya mbwa na mazoezi yote yakanitoka.

"Waziri, kura bana," nikamwambia. "Usinihalibie."

Akatumbukiza kichwa kwenye bakuli.

Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye trekta. Mimi sikuelewa kitu mpaka nilipomuuliza mama baadaye, naye akanieleza huku akichambua mboga, bila kuona cha ajabu. Magari ya kampeni yalikuwa yakipita kutwa nzima yakipiga kelele kula, kula, na mbwa anakimbilia barabarani kila mara. Angegongwa. Kwa hiyo kila aliposikia hilo neno akainuka, mama aliondoa sahani. Akitulia, mama alimwambia kura, akampa nyama. "Nirimfunza kwamba kura ya wanasiasa haina chakura ndani," akasema. "Ya kwangu inacho."

Lakini pale uani mzee alisubiri Waziri amalize, akachukua bakuli, akalijaza tena mwenyewe. Aliliweka chini. Alitazama mkewe, akatazama binti yake, akatazama trekta. Wote walikuwa wakimsikiliza. Mbwa alikuwa wake na alimpenda, hilo lilionekana usoni bila kificho.

"Ku," akasema, akameza mate. "Kura."

Waziri akala.

Mzee akakaa kitini, akafuta jicho lake jipya kwa kitambaa. "Nani alimfundisha?"

"Mama yangu."

"Mwampie nitakuja kwake na wazee."

"Kwa mambo ya mbwa, mzee?"

"Ya pinti," akasema, akanitazama kama nimekuwa mzito wa kuelewa.

Walikuja Bungoma kabla shule hazijafunguliwa, mzee, wazee wake wawili, na Waziri ndani ya koti la kijani. Mama alikuwa amechinja jogoo mwingine, akanikumbusha kwamba safari hii anamchinjia mtu. Aliweka sahani mbele ya mkwe wake mtarajiwa, akasimama kando, mikono imefungwa tumboni.

"Haya, mzee," akasema. "Kura."

Chini ya meza Waziri aliinua kichwa. Mzee Kiplangat alimwona, akavuta sahani karibu, akaanza kula haraka kabla mpwa wake hajamtangulia.