Mstari wa Mwisho wa Anselme

Anselme alifariki Februari, mkasi ukiwa mkononi, akiwa amebakiza mstari mmoja tu wa mizabibu. Kijijini kwao, kwenye vilima vya Bourgogne huko Ufaransa, mkulima akifa kabla ya kumaliza kupogoa, majirani humalizia. Walikuja, na mjane wake Huguette akawashukuru na kuwarudisha wote.

Si kiburi. Kwa miaka arobaini na mbili alikuwa akimfuata mumewe nyuma, akifunga matawi, na mkato wake aliujua. Kwenye kila tawi Anselme aliacha macho mawili ya kuchipua, na juu yake kijiti cha urefu wa kidole gumba, ambacho wengine walikikata wakisema ni uchafu. Mkono mwingine ukipita pale, Anselme atakuwa amekufa mara ya pili. Lakini Machi ilishaingia, na utomvu haungoji matanga. Bila kupogolewa, mstari ule uliowapa divai yao nyekundu bora kuliko zote ungemaliza nguvu kwenye majani.

Asubuhi moja alimkuta Firmin, jirani wa ng'ambo ya ukuta, ameinama katika mstari ule ule, karibu anaumaliza.

"We Firmin! Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, shemeji."

Shemeji! Miaka kumi na moja hakuwapa hata salamu. Msimu ugomvi ulipoanza, wavunaji wake walivuka mpaka kwa makosa, wakavuna mstari huu na kumwaga zabibu kwenye pipa la Firmin. Anselme alipokwenda kulalamika, Firmin alimjibu, "Zabibu ni zabibu." Kwa watu wanaoonja divai wakakwambia imetoka upande gani wa ukuta, hilo ni tusi la nguoni.

Huguette aliinama kukagua, matusi yakiwa tayari mdomoni. Macho mawili. Kijiti juu yake. Akaenda mzabibu wa pili, wa tatu. Mkato ule ule.

"Mkato wa Anselme umejifunzia wapi?"

"Pale ukutani. Miaka yote hiyo namchungulia, naye ananiona. Ananipa mgongo tu."

"Ulistahili."

"Nilistahili." Firmin alivua kofia. "Shemeji, divai ya mwaka ule ndiyo bora niliyopata kutengeneza maishani. Sijaipata tena. Nilijua ni mstari wake. Nikawa nangoja anisalimie, nimwambie."

"Naye alikuwa anangoja umsalimie wewe! Kila Jumapili anajikokota kutoka kanisani, mpaka namvuta koti. Wajinga wawili nyie!"

Firmin alilia waziwazi, mtu mzima wa miaka sabini. Huguette hakumbembeleza, maana na yeye alikuwa analia. Alichomoa mkasi wa mumewe mfukoni, ambao alitembea nao tangu mazishi.

"Umebaki mzabibu mmoja," alisema. "Kata kwa huu. Mimi nakuja nyuma yako, nafunga."