Kiti cha Shemeji Kilichozama

Nimelala kwenye vibaraza vingi maishani, lakini mwaka huu miguu ilinigomea, nikaja kwa dada yangu na kifurushi cha nguo. Akanipa chumba cha nyuma kwa sharti moja: nisiguse kitu bila kuuliza. Sikuona ugumu wake.

Nikapata kibarua kwenye yadi ya plastiki, mtaa wa pili. Sisi tunachambua: chupa kule, ndoo na viti huku, mifuko pembeni. Kisha Msagaji, bwana mwenye sauti ya kuishinda mashine yake, anavisaga kuwa chenga, na chenga zinamwagwa kwenye tangi la maji. Zinazoelea zitakuwa ndoo na viti tena. Zinazozama ni za chupa, zina safari yake nyingine.

"Hapa hatuulizi ni ya nani," alinifundisha siku ya kwanza. "Tunauliza inaelea au inazama."

Kazi hiyo ikaniingia machoni. Nikawa sioni vitu, naona plastiki tu. Ndiyo maana juzi asubuhi, nilipoona kibarazani kile kiti cha kijani, mguu mmoja umepasuka ukafungwa waya, sikuona kiti. Nilikibeba begani hadi kwenye rundo la yadi, nikajiona mtu wa maana.

Mchana dada akatokea yadini, ndala za kuogea miguuni.

"Kiti kiko wapi?"

"Kipi, dada?"

"Usinifanye mtoto mimi. Jirani kakuona. Kiti cha marehemu shemeji yako! Waya ule aliufunga kwa mkono wake."

"Nilidhani kimevunjika."

"Na wewe je, u mzima? Mbona sijakutupa?" Akageuka kuondoka. "Kiti kirudi leo. Kisiporudi, na wewe usirudi."

Nikamkimbilia Msagaji, nikamweleza habari ya kiti cha shemeji.

"Kimeshapita, mzee. Nimetoa waya, nikasaga. Lakini usijali, vitu vya hapa vyote vinarudi."

"Lini?"

"Mwezi ujao. Labda kitakuwa beseni."

"Beseni la nani?"

"La atakayelinunua."

"Sasa hapo kiti kimerudi, au beseni limekuja?"

Akazima mashine ili anitazame vizuri. "Mzee, umekula leo?"

Kila mahali nilipoondoka maishani, niliondoka moja kwa moja. Sasa naambiwa vitu vinazunguka na kurudi, ila vikirudi si vyenyewe. Hata mimi kwa dada yangu: nimerudi, au kaja mzee mwingine?

Tukainamia tangi. Juu zilielea nyeupe, buluu, nyekundu. Kijani hakuna. Msagaji akakuna kichwa, maana kiti huelea. Akakoroga, akasubiri, akakoroga tena. Kijani hakuna. Mimi nikaanza kujiuliza kama kweli nilikileta.

Ghafla akajipiga paji la uso, akafungua kizibo cha tangi. Maji yalipokwisha, chini kabisa, katikati ya chenga angavu za chupa, kijani hicho!

"Shemeji yako kauziwa chaki!" akacheka. "Viti vingine wanavichanganya na unga wa chaki, vinakuwa vizito kama jiwe. Na hizi zingeniharibia chenga zote za chupa. Okota, mzee, okota!"

Tukaokota kwa vidole mpaka jioni, nusu gunia. Akaniokotea na ule waya kwenye kopo la vyuma.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Akatia mkono guniani.

"Mguu ni upi humu?"

"Sijui."

"Mgongo?"

"Sijui, dada. Ni chote, lakini sicho. Nimechanganyikiwa."

Akachukua waya, akaupapasa pale ulipokunjwa na mumewe. Kisha akaufungia mdomo wa gunia, akifuata mikunjo ile ile.

"Kiweke pale kilipokuwa."

Nikaweka.

"Kaa."

"Nikalie gunia?"

"Si umesema ni kiti?"

Nikakaa. Chenga zikalalamika chini yangu, zikateleza, nikainamia upande wa kushoto.

"Ehee," dada akasema taratibu. "Na yeye alikuwa anainamia huko huko."

Nikabaki nimeinama, sijui ninakalia nini wala kwa niaba ya nani. Dada akaingia ndani. Mlango akauacha wazi.