Ganda la Thelathini na Saba

Jumanne asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Wolfgang Margwe alimwaga debe moja la magunzi yaliyotwangwa ndani ya pipa dogo, akatia ganda la risasi, akafunga mfuniko kwa mpira wa tairi. Pipa lile lilikuwa limeungwa kwenye baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mke wake Fransiska alipanda akaanza kunyonga pedali, huku akichambua maharage kwenye ungo alioulaza juu ya usukani. Magunzi husugua shaba bila kuikwaruza, na hapa Masakta magunzi hayajawahi kuadimika.

Maganda yalikuwa hamsini, yote ya Mzee Tomaso, mwenye shamba la ngano linalopakana na msitu wa mlimani. Mzee Tomaso alikuwa anachongewa bunduki ya kuwindia huko Arusha, kitako chake kimepimwa kwa bega lake kama suti, na fundi wa huko alitaka maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, yasafishwe na kukatwa urefu mmoja ili yajazwe baruti upya. Wilaya nzima kazi hiyo anaiweza mtu mmoja mwenye kibali, naye ni Wolfgang. Ni mtu mpole, hajui uongo, na akishashika ganda mkononi unaweza kumwita mara tatu asikusikie.

Ganda la kwanza lilipotoka kwenye pipa liking'aa, swala alikuja akasimama kando ya zizi. La pili lilileta ngiri. Kufika saa sita mchana walikuwepo pofu wawili wa pembe ndefu na nyati mmoja, kila mmoja na tundu dogo ubavuni, wametulia. Wolfgang alielewa utaratibu mara moja. Ganda likisafishwa, aliyeuawa nalo huja. Likishapashwa shingo kwenye moto, likakatwa na kulazwa kwenye boksi, yeye hutikisa masikio na kuondoka kuelekea alikotoka.

"Baba Eva," Fransiska alisema bila kuacha kunyonga, "wageni wako wanamaliza mabua ya ng'ombe wangu."

"Fanya haraka basi, waondoke."

"Miguu yangu, haraka yako?" Lakini alicheka, akaongeza mwendo. Mavi ya nyati aliyazoa akayapeleka kwenye bustani ya vitunguu. Mbolea ni mbolea.

Walikwenda hivyo hadi Jumatano saa nne asubuhi, ganda la thelathini na saba. Lilipotoka, akaja Isidori, mtoto wa Agatha wa kitongoji cha pili, amevaa buti moja la mpira na sweta ya kijani yenye tundu mgongoni. Isidori alipotea miaka miwili iliyopita, kijana wa miaka ishirini na mbili, alipokwenda kutafuta maksai. Watu waliambiwa ameonekana Mererani akichimba madini. Aliyeleta habari hizo alikuwa Mzee Tomaso.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu pamoja. Fransiska alishuka kwenye baiskeli akamletea chai ya maziwa.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, Isidori?"

"Nipo kule juu, mama. Maksai waliingia kwenye ngano, kulikuwa na ukungu, nikainama kufuata nyayo. Mzee Tomaso alidhani mimi ni nguruwe pori."

"Na alipoona siyo?"

"Alisema pole. Halafu akanifukia."

"Wapi?"

"Sijui, mama. Alinilaza kifudifudi."

Bodaboda alitumwa kumleta Agatha. Alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamwambia amekonda, na buti la pili amelipeleka wapi, si yalikuwa mapya. Kisha akalia. Alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote alichowahi kupewa, na hakujali nani anamtazama. Alipomaliza alifuta pua kwa kanga, akamgeukia Wolfgang.

"Baba Eva, nakuomba, usimweke kwenye boksi. Nijue kwanza alipolala. Kaburi la baba yake liko pale nyumbani, na nafasi ya pembeni niliiacha."

Huku kwetu mtu hulala kwao. Asipolala kwao, msiba wake hauishi, na mama yake hawezi kukunja mkeka.

Wolfgang alilitia ganda kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Ijumaa Isidori alipalilia vitunguu vya Fransiska, akapalilia vizuri. Mama yake alikaa mwisho wa tuta akimtazama mpaka chai yake ikapoa.

Jumamosi Mzee Tomaso alikuja na pikapu. Ni mtu mchangamfu, na mabati ya kanisa alitoa yeye. Isidori alimfungulia geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?" Mzee Tomaso alimtazama kidogo, kama mtu aliyeona panga lake alilodhani limepotea. "Kumbe ulisharudi."

"Ndiyo, mzee. Tangu Jumatano."

"Vizuri." Akaenda mezani, akafungua boksi, akahesabu kwa kidole. "Mbona arobaini na tisa?"

"Moja limepasuka shingo," alisema Wolfgang, na masikio yake yakawaka moto. Miaka arobaini ya ufundi hakuwahi kulisingizia ganda.

"Basi litupe."

Agatha alitoka jikoni, akapiga goti mbele yake. "Mzee Tomaso, sitaki mambo mengi. Nionyeshe tu ulipomfukia."

"Kumfukia nani?"

"Isidori."

Mzee Tomaso alinyoosha kidevu kuelekea getini. "Mama Isidori, mtoto si yule pale? Ameniamkia sasa hivi, mmesikia wote. Unataka kuzika nini tena?"

Ni kweli, walisikia wote. Mzee Tomaso alimsaidia Agatha kuinuka, akamwambia Isidori amtunze mama yake, akaweka boksi kwenye kiti cha mbele na kushika njia ya Katesh.

Wolfgang alifungua kifungo, akampa Agatha ganda. Agatha alilifunga kwenye pindo la kanga, wakaondoka yeye na mwanawe kwa miguu.

Isidori anaishi kwao hadi leo. Analima, anakamua, na Jumapili anaimba besi chini ya yale mabati. Bunduki ilikamilika, na wanasema inalenga vizuri sana. Mvua ikinyesha mlimani, hata kama kwa Agatha jua linawaka, Isidori hulowa kuanzia mgongoni, na tope jekundu humtiririka shingoni. Mama yake humvua sweta, humfuta kwa kanga kavu, humsogeza karibu na moto, na kumuuliza kama safari hii ameona chochote: mti, jiwe, hata waya wa shamba.

"Bado, mama," humjibu. "Ni giza tu. Lakini siyo baridi sana."