Barua ya Zafarani

Mwaka ule wa hamsini na nne Asmahani alikuwa amewekwa ndani, zimebaki siku sita aolewe, na nyumba yao ya Ngamiani haikuwa na mtu wa kumtuma kwa shangazi yake. Bi Semeni wa Tongoni hakupokea mjumbe wa nyumba ile tangu kaka yake, Mwalimu Mwinyijuma, babake Asmahani, azikwe bila yeye kungojwa. Miaka mitatu sasa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini harusi gani hiyo, bibi harusi apakwe hina na majirani ilhali shangazi mtu yu hai? Asmahani alilia, akachoka kulia, akaomba kalamu ya marehemu baba yake.

Ilikuwa kalamu ya tete. Mwalimu alimfundisha kuandikia herufi za Kiarabu, nyembamba kama unywele, mikia yake ikijipinda taratibu. Wino wa dukani ulizinenepesha, kwa hiyo akaroweka zafarani katika marashi, kama baba alivyofanya alipowaandikia wagonjwa kombe, maandishi ya kuoshwa na kunywewa. Akaanza na Bismillahi, kisha: "Shangazi, harusi yangu ni Alhamisi. Sitaki mkono mwingine unipake hina ila wako." Akaisoma mara tatu, akajisifu kimoyomoyo. Na haki yake, mwandiko ulikuwa mzuri.

Miraji, muuza samaki mwenye baiskeli, aliipeleka Tongoni. Aliporudi alisimama uani akikuna kichwa, na Asmahani akamsikia toka chumbani akimweleza mama.

"Nimempa mkononi. Bibi yule haoni vizuri. Kaisogeza mpaka puani, kainusa, kaitia kwenye bakuli la maji mpaka maandishi yakatoka yote. Kisha kanywa. Yaliyobaki kajipaka gotini."

Asmahani hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili. Zafarani, marashi na Bismillahi, nani asingedhani ni kombe? Barua imekwisha kunywewa, na siku ya harusi shangazi haijui.

Jumatano alasiri, hina imeshapondwa, bakora iligonga mlango. Bi Semeni akapitiliza hadi chumbani bila kungoja karibu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Goti limepata nafuu, lakini sikuja kwa ajili ya goti. Ndugu yangu kafa, na juzi naletewa mwandiko wake. Alifu zile nazijua hata kwa macho haya mabovu. Nani kaandika?"

"Mimi, shangazi. Wala halikuwa kombe. Ilikuwa barua."

"Ikisemaje?"

Asmahani akamwambia, neno kwa neno. Machozi yakamlengalenga Bi Semeni, halafu kicheko kikampanda mpaka ukaya ukamdondoka kichwani.

"Basi imo tumboni mwangu," alisema. "Nitasemaje haikunifika?"

Akaketi mkekani, akamshika Asmahani mkono, akaagiza bakuli la hina.