Dawa za Bibi Tabibu

Joka lile haliuawi kwa hasira. Unalisubiri liinue bawa la kushoto, unajiviringisha chini ya moto wake, unachoma mara moja tu kwapani, kisha unakimbia kama mtu aliyeiba. Ukitamani pigo la pili, umekwisha. Hayo nimeyajua mwaka huu, mtu mzima na watoto wangu, kwa kuuawa mpaka nikachoka kufa. Ningeyajua utotoni kama ningeachiwa.

Utotoni mimi nilikuwa mpiganaji, kaka yangu msomaji. Gemu lenyewe, la kuchezwa kwenye runinga, liliachwa na mteja katika karakana ya baba ya kutengeneza runinga, mteja akapotea jumla, na hadithi yake yote ilikuwa katika lugha ya kigeni ambayo sikuijua hata salamu. Kaka aliijua. Nyumbani walimwita Profesa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alikaa kushoto kwangu kwenye zulia la sebuleni, amekunja mikono, akiyasoma maneno yaliyopita chini ya skrini na kunipa kwa lugha yetu, kila mhusika na sauti yake. Mfalme alikuwa na mafua. Wachawi wote walikuwa na kigugumizi. Nilicheka mpaka mama akaita kutoka jikoni kuuliza kama tumepata wazimu.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa mwanamke mzee aliyetembea nyuma yangu na fimbo. Tulimwita Bibi Tabibu. Nikijeruhiwa anainua fimbo, na damu yangu inarudi. Kuna vita nilivishinda kwa sababu tu nilijua yuko nyuma yangu, na kaka alikuwa akinipiga begani na kusema, "Vidole vyako vina akili, mdogo wangu." Nilimwamini katika hilo pia.

Tukafika kwenye lango la mlima wa joka. Mlinzi alisema maneno marefu, Bibi naye akasema machache, kisha yakatokea machaguo mawili, moja juu na jingine chini.

"Wanasemaje?" nikauliza.

Kaka aliikunjua mikono yake, akaikunja tena.

"Bibi amechoka," alisema. "La juu, mwache apumzike hapa, atatufuata. La chini, mlazimishe apande."

Nani angemlazimisha bibi kizee kupanda mlima? Nikabonyeza la juu. Bibi akainamisha kichwa, akaingia langoni na mlinzi, na mkononi mwangu ukatokea upanga unaowaka moto wa buluu.

"Zawadi ya wema wako," kaka akasema.

Upanga ule ulikuwa mtamu, siwezi kukana. Majitu yaliyokuwa yakinitesa yalianguka kama nguo kutoka kwenye kamba, na joka lenyewe lilikufa kabla sijatoka jasho. Lakini njia nzima niliokota chupa za dawa na sikuzigusa, hata niliposalia na tone moja la damu, kwa sababu Bibi angefika hoi. "Mbona haji?" nilimuuliza kaka. "Anakuja. Si unaijua miguu yake?" Mwisho kabisa akanisomea kwamba Bibi alikuwa ametangulia kijijini kwa njia ya mkato, yuko jikoni, anatusubiri. Nililala na furaha, mfuko wangu umejaa dawa.

Lugha ile nilijifunza ukubwani. Mimi ni fundi cherehani, na wateja wa kigeni hawamsubiri mkalimani ukiwachoma pini. Juzi juzi nikalikuta gemu lile kwenye duka la mitumba, nikalinunua kwa hamu ya kucheka tena, safari hii nikisoma mwenyewe. Mfalme hakuwa na mafua. Hilo nilimsamehe kaka, tena nikicheka. Nikafika langoni.

Mlinzi alisema joka linataka mtu. Nipe tabibu wako, nikupe upanga. Chaguo la juu: Mtoe kafara. La chini: Nendeni wote wawili.

Na Bibi, kwa maneno yake machache ambayo kaka hakunisomea kamwe, alisema: "Nikikuomba usinitoe, utanikasirikia?"

Niliiweka pedi ya kubonyezea gemu sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliyeshona nguo maisha yangu yote sikuwahi kulikagua pindo lile. Kuongopewa ningekuzoea. Kilichonichoma ni kwamba kidole kilikuwa changu. Kaka aliniacha mwenyewe nimuue Bibi, kisha akakaa kando akinitazama nikimtunzia dawa.

Nikampigia simu. "Kaka, pale langoni."

Hakuuliza lango gani.

"Bila upanga usingeliweza lile joka," alisema. "Ungeshindwa, ungelia. Nilikuonea huruma."

"Uliniuliza?"

"Mdogo wangu, lilikuwa gemu tu."

"Nakuuliza, uliniuliza?"

Akataka kujua kama watoto hawajambo.

Basi nikabonyeza la chini. Joka likaniua, likaniua tena, na kila nilipoanguka nilisikia ile "vidole vyako vina akili" nikaona aibu kwa jinsi nilivyoifurahia.

Jumapili kaka alikuja na mkate mikononi. Akakaa kushoto kwangu, mahali pake pa zamani. Joka lilikuwa linachechemea. Bibi alikuwa amepiga magoti, fimbo imemponyoka, na kwa mara ya kwanza nikafungua mfuko nikampa dawa. Akasimama. Bawa la kushoto likainuka. Nikajiviringisha, nikachoma, nikakimbia, na nyuma yangu mlima mzima ukatikisika.

Maneno yakaanza kupita chini ya skrini. Kaka akakohoa kusafisha koo, akaanza kwa ile sauti ya Bibi, ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau: "Anasema kwamba..."

"Nasoma," nikamwambia.

Akakunja mikono. Tukakaa hivyo hivyo, kila mtu akisoma kimyakimya, mpaka maneno yakaisha.