Picha za Fundi Friji

Orodha ya kliniki iliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa mkono wa mama mkwe, ikabandikwa kwenye mlango wa friji. Kliniki zilikuwa tano. Pembeni mwa kila moja mama mkwe aliweka idadi ya madaktari bingwa wa kina mama, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye alitaka mjukuu. Ya nne ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Aliyeikata ni mwanawe, fundi friji.

“Hiyo ina bingwa wa wanaume,” alimwambia mkewe. “Sisi tunatafuta daktari wako wewe.”

Mkewe alishona sare za shule. Kwa miaka saba ya ndoa alikuwa amewavalisha watoto wa mtaa mzima, na hakuwa na wake hata mmoja wa kumpima kola. Alimtaka mtoto mpaka ikawa inamuuma kukata kitambaa cha saizi ndogo. Basi akafunga cherehani siku moja, akaenda kliniki ya kwanza.

Daktari alimpaka jeli tumboni, akapitisha kifaa, akaigeuza skrini. Kizazi hakikuonekana. Alionekana fundi friji, yuko karakana kwake, kachuchumaa nyuma ya friji ya mteja.

“Huyu nani?”

“Mume wangu.”

“Ameshapimwa?”

“Anasema yeye mzima.”

Daktari aliandika kwenye faili kwamba mume kakaa mbele ya kizazi. Akachapisha picha, akampa vidonge vya siku ishirini na moja.

Kliniki ya pili ilikuwa na mabingwa wanne na sakafu inayong'aa kama kioo cha kujitazama. Huko fundi friji alikuwa anakula mkate kwa soda. Mabingwa wote waliitwa waje kuangalia, wakakubaliana kwamba mashine haina hitilafu, na kwamba mgonjwa ale mboga za majani kwa wingi.

Mashine ya kliniki ya tatu ilitoa na sauti. “Usiilaumu friji, mama,” fundi alikuwa akimweleza mteja. “Mimi sifungui friji ya mtu kabla sijapima soketi. Nusu ya friji wanazoniletea hazina ugonjwa wowote.”

“Anaijua kazi yake,” alisema daktari.

“Anaijua sana,” alijibu mshonaji, na hasira ikampanda mpaka karatasi ya kitandani ikachanika chini ya kucha zake.

Daktari akamfuta jeli. “Sisi hapa ni wa kina mama tu. Nenda ile ya njia panda, ina bingwa anayekufaa. Na mwende wawili.”

Hiyo ndiyo ilikuwa ya nne. Jioni akamwambia mumewe. “Ni kukaa dakika kumi tu, mume wangu. Mimi nimelala vitanda vitatu.”

“Tutaona,” alisema mume. Katika nyumba ile, tutaona ilikuwa hapana ya heshima.

Siku ilipofika mshonaji alikwenda peke yake. Bingwa wa wanaume, mzee wa miwani minene, alisubiri nusu saa mbele ya kiti kitupu cha mume. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumpima, akampima yeye. Fundi friji akatokea. Mzee akagonga kioo kwa kalamu.

Fundi aliinua kichwa. Akamtazama daktari, akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Halafu akachukua kitambaa chake cha kufutia mafuta, akakitundika mbele yao, skrini ikawa giza.

“Ametuona,” alisema mzee. “Mama, mimi simtibu mtu kupitia tumbo la mwenzake.” Akachapisha picha ya kitambaa.

Nyumbani, mama mkwe aliinyanyua picha ile kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaiweka kwenye bahasha pamoja na zile nyingine.

“Za mwanzo alitoka vizuri zaidi,” alisema. Akaibandua kalenda mlangoni. “Bado ya tano, na nimesikia kuna ya sita. Hiyo ina mabingwa saba wa kina mama. Tatizo lako tutalipata tu, mkwe wangu. Hebu nipe kalamu.”

Fundi friji alikuwa amepiga magoti ukutani, anapima soketi ambayo haikuwa na shida.

Mshonaji akampa mama mkwe kalamu.