Mvumo Uliomkera Mkwe

Redio ya mawasiliano ya Wambua ilikuwa kuukuu, ya kufungwa garini, lakini yeye aliiweka sebuleni kwake Ukunda, juu ya kabati, ikitumia betri ya gari. Gillian, mwajiri wake wa zamani kule Tiwi, ndiye aliyemfundisha yeye na rafikiye Mramba mpaka wakapata leseni za redio, kisha akawaachia mitambo yake miwili, kila mmoja wake. Redio hiyo ilikuwa na njia zote: FM kwa maongezi ya karibu, na SSB kwa sauti hafifu za mbali, zinazolia kama bata mpaka uzungushe kitufe ziwe za binadamu.

Mvua za El Niño zilipokata simu na kubomoa daraja, SSB ndiyo iliyobaki baina ya Wambua na mamake, aliyeugua kule Shimba Hills, jirani na Mramba. Wakaafikiana: akizidiwa, Mramba ataita, naye Wambua atapeleka pikapu ya hoteli alikofanya kazi mpaka ukingo wa huku wa mto, wamvushe na kumkimbiza hospitali Msambweni. Kwa hiyo redio ilivuma kutwa, na Wambua akaizoea.

Asiyeizoea ni mkwewe, mzee Mulinge, aliyekuja kumwona bintiye akazuiwa na mvua.

"Mwanangu, kitu hiki kinakaanga nini siku nzima?" aliuliza Jumapili, chakula kikiandaliwa.

Jibu Wambua alikuwa nalo. Lakini mkwe ni mkwe; nani atamwambia baba wa mkewe avumilie kelele? Alizungusha kitufe cha kunyamazisha mvumo mpaka mwisho. Kitufe hicho hunyamazisha na sauti hafifu, na hilo alilijua. Alijiambia ni mpaka sahani ziondolewe. Sahani ziliondolewa, chai ikaja, hadithi zikanoga, akasahau. Adabu nayo ina siku zake za kuua mtu.

Asubuhi Mramba alipiga hodi, tope mpaka mapajani. Alikuwa amevuka maji yalipopungua.

"Niliita sana, ndugu yangu," alisema. "Ulipokosa kujibu nikadhani wanisikia, ila sauti yako haifiki. Tukambeba mama kwa kitanda mpaka mtoni. Tulikungoja pale mvuani. Kila nikisema turudi, yeye akanambia, 'Wambua amesikia, anakuja.' Akatutoka akisema hivyo."

Mzee Mulinge alitua kikombe. "Kwa nini hukunieleza ile kelele ilikuwa ya nini?"

Wambua alimchukia mzee yule, kisha akajichukia mwenyewe zaidi. Alikwenda kabatini akakirudisha kitufe. Mvumo ukajaa nyumba nzima, na safari hii mkwewe hakulalamika.